Neno "insolent" katika barua ya onyo lina uzito gani?

Mtumishi, Kampala
Ndugu zangu, naombeni ufafanuzi. Nimepokea barua ya onyo, ya Kiingereza, ambamo mkuu wa idara yangu ameliita jibu langu "insolent". Nilichosema ni kwamba taarifa aliyoidai haikuwa kazi yangu, nami nilisema hivyo nikiwa nimeketi, macho kwenye kompyuta, wenzangu wakisikia. Mmoja wao aliisoma barua harakaharaka akanipa pole ya madeni, kwa kudhani imeandikwa "insolvent", yaani muflisi! Je, neno hili linatofautiana na "rude" tuliyoizoea tangu shuleni? Natakiwa kujibu kwa maandishi, na sipendi kukiri kosa nisilolielewa.

Mwalimu wa Kiingereza, Mbale
Tofauti ipo, tena kubwa. Mtu anaweza kuwa "rude" kwa kutojua tu, kama anayemkata mwenzake kauli au kupita bila salamu. "Insolent" hubeba tuhuma ya dharau ya wazi, na katika matumizi ya leo dharau hiyo mara nyingi humwelekea mwenye mamlaka: mwanafunzi kwa mwalimu, askari kwa afande wake, mtumishi kwa mkuu wake. Asili yake ni neno la Kilatini "insolens", lililomaanisha asiyezoea au kisicho cha kawaida, kisha likaja kumaanisha mwenye majivuno aliyevuka mpaka. Kwa hiyo sidhani kwamba mkuu wako amekerwa na maneno peke yake. Kuketi na kutomtazama, mbele ya watu, ndiko kulikoyapa maneno hayo sura ya dharau.

Mzee wa Jinja
Mwalimu amesema kweli, lakini asisahau kwamba dharau hii huweza pia kushuka kutoka juu. Katika tamthilia ya Hamlet, Shakespeare anataja "the insolence of office" miongoni mwa mateso ya dunia, akikusudia jeuri ya wenye vyeo kwa wanyonge wanaofika mbele yao. Kwa sababu hiyo mimi hulitafsiri neno hili kwa "jeuri", ambalo asili yake ya Kiarabu ni dhuluma, na ambalo kwetu humfaa bwana na mtumwa vilevile. Wengi hukimbilia "ufidhuli", lakini mzizi wake wa Kiarabu unahusu kujiingiza katika yasiyokuhusu, na hapo linakaribiana zaidi na "impertinent". Ama "impudent", hilo ni la mtu asiye na haya, wala halihitaji maelezo zaidi.

Ofisa utumishi mstaafu, Fort Portal
Kijana, haya ya Kilatini yakusaidie kuandika jibu. Usiandike kwamba hukuwa "rude", kwa kuwa hilo silo uliloshtakiwa. Kubali kwamba ulisema taarifa si kazi yako, ikiwa ndivyo ulivyosema, kisha eleza kwamba hukukusudia kumdharau, na kama ulikuwa katikati ya kazi yenye haraka, itaje kwa jina. Kuhusu kutosimama, omba radhi kwa sentensi moja; sisi wengine tulilelewa kumsimamia mkubwa, na huenda mkuu wako ni wa rika letu. Na ikiwa barua haikunukuu maneno yako, omba kwa heshima yanukuliwe, kwa maana faili lenye neno "insolent" bila maelezo litasomwa na watu ambao hawakuwamo chumbani.