Mrejesho: mama aliyekuwa akiharisha damu

Wadau, niliwauliza kuhusu mama, miaka 71, aliyeshikwa na tumbo ghafla usiku, upande wa kushoto, kisha akaanza kuharisha damu. Zahanati moja huku Kayole walisema ni amiba. Haikuwa amiba. Alipopigwa picha ya CT na kuingizwa kamera, daktari alituonyesha kipande cha utumbo mpana karibu na wengu: kimevimba, chekundu kama nyama mbichi, na palipoishia, utumbo safi kabisa. Damu ilikuwa haifiki pale vizuri. Mimi nilijua ni kisu. Kumbe wengi hupona bila upasuaji. Ugonjwa huu ukishika upande wa kulia wa utumbo mpana ndio huwa hatari zaidi. Siku tano za dripu na antibiotiki, bila kula. Jana kapewa uji, akalalamika hauna sukari.