Kikundi cha Familia: Kitabu cha Jumamosi

Shangazi Rehema: Assalaam aleikum nyote. Jumamosi tunajadili Great Expectations ya Charles Dickens, na swali ni kama Pip, kijana anayesimulia kisa chake, anakomaa kweli, nanyi hamjasema kama tukutane kwangu au kwa Babu. Wasomaji wake wa kwanza walikipata kipande kwa kipande kila wiki, kuanzia Desemba 1860 hadi Agosti 1861, kwa hiyo asiniambie mtu kwamba ni kirefu.

Shangazi Rehema: Mmesoma mkanyamaza, basi naanza mimi. Pip alipokwenda London kuwa muungwana alikua kwa mavazi tu, kwa sababu Joe, yule mhunzi aliyemlea, alipomtembelea alimwonea haya hadi kofia yake, iliyokuwa ikianguka kila mara kutoka juu ya meko.

Hamisi: Kama kofia ya Mjomba Saidi iliyotumbukia kwenye sinia la pilau kule Tanga!

Mwanaidi: 😂 Na pilau tulilila vivyo hivyo.

Shangazi Rehema: Turudi kwenye kitabu, tafadhali. Nani ana nakala ya ziada?

Mama Salma: Samahani, nimechelewa. Naona Pip anakomaa kwa ajili ya Magwitch, mfungwa aliyempelekea chakula kinamasini utotoni. Pip alipogundua kwamba fedha zote zilizomfanya muungwana zilitoka kwa Magwitch, kwanza alichukizwa naye. Lakini mahakamani, Magwitch akihukumiwa kifo na mali yote ikienda serikalini, Pip alisimama kando yake akiwa amemshika mkono.

Mjomba Saidi: Mimi niliyetambulishwa kuwa jirani siku ya mahafali, mbele ya wageni, namwelewa Joe kuliko ninyi nyote.

Hamisi: Mjomba, hilo si tulilimaliza Idi ile?

Mjomba Saidi: Mlilimaliza ninyi.

Babu: Mjukuu wangu amenisomea kitabu hiki hadi mwisho. Joe alimuuguza Pip, akamlipia deni lake, akaondoka asubuhi mapema bila kungoja shukrani. Pip alimfuata hadi kijijini, akaomba msamaha kwa kinywa chake mwenyewe, naye hakutuma mtu. Jumamosi mje kwangu, na Saidi utakaa karibu nami.

Shangazi Rehema: Tumesikia, Babu. Basi ni kwa Babu saa kumi jioni, lakini bado sijajibiwa kuhusu nakala.

Hamisi: Nitakuja, ila huenda nikachelewa.

Mwanaidi: Mjomba, naomba nikupigie simu usiku huu.

Shangazi Rehema: Mama Salma, ile nakala yako unaweza kumwazima Hamisi kabla ya Ijumaa? Na wengine mnakuja au hamji?