Mtoto akinyamaza baada ya mama kutolewa nje ya wodi, ametulia kweli?

Muuguzi Mgeni wa Wodi ameuliza:

Wauguzi wenzangu, pamoja na wazazi mlio humu, salaam. Nina miezi minane tangu nihamishiwe wodi ya watoto, baada ya miaka kadhaa katika wodi ya upasuaji ya watu wazima, na kuna jambo linaloninyima amani. Wiki iliyopita tulikuwa na mtoto wa kiume wa miaka mitatu aliyehitaji kuwekewa kanula, kile kimrija kinachoachwa ndani ya mshipa wa damu, ili apate dawa za mshipani. Mama yake aliambiwa asubiri nje, kwa maelezo kwamba watoto hudeka wakiwaona mama zao, nasi wauguzi watatu tukamshika: mmoja miguu, mmoja mkono, na mimi mabega. Alilia mpaka sauti ikamkauka, na kanula ilikaa katika jaribio la tatu. Mama aliporudi alimkuta mwanawe kimya, ametazama ukutani, wala hakumnyooshea mikono ili abebwe. Mkuu wa zamu akasema, "Mnaona, ameshatulia," tukahamia kitanda kinachofuata.

Mimi sikuona utulivu pale. Siku mbili zilizofuata mtoto yule alikubali kila kitu, kipimajoto na hata dawa chungu, bila kuuliza wala kukunja uso, lakini kila nilipokaribia aliuingiza ule mkono wenye kanula chini ya shuka, polepole, kama anayeficha kitu kisiibwe. Mama yake naye aliacha kunisalimu. Naomba kufahamu kama desturi hii ya kumtoa mzazi ina msingi wowote wa kitaalamu, na pia, kwa zamu yenye wauguzi wawili na watoto zaidi ya ishirini, hiyo huruma tuliyofundishwa chuoni inatendeka vipi pasipo kuchelewesha dawa za watoto wengine.

Mkongwe wa Wodi amejibu:

Mdogo wangu, macho yako yameona sawasawa, na hilo uliloliona lilikwisha kuelezwa zaidi ya miaka 70 iliyopita. James Robertson, mtaalamu wa ustawi wa jamii aliyefanya kazi London pamoja na John Bowlby, daktari wa magonjwa ya akili ya watoto, alikaa muda mrefu akiwachunguza watoto waliolazwa, enzi ambazo hospitali nyingi za Uingereza ziliwaruhusu wazazi kuwatembelea watoto wao kwa nadra sana. Hoja ya wakati ule ilikuwa hiyohiyo mliyompa mama yule: akija, mtoto analia, asipokuja, mtoto ametulia. Robertson akabaini kwamba mtoto mdogo aliyetenganishwa na mama yake kwa siku kadhaa hupinga kwanza kwa kilio na kuita, kisha hukata tamaa na kuzubaa, na mwisho hujitenga, akawachangamkia watu wote huku mama yake mwenyewe akimpa kisogo. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo watumishi waliyoiita kuzoea. Mwaka 1952 alionyesha filamu aliyompiga msichana wa miaka miwili aliyelazwa siku nane kwa upasuaji wa henia ya kitovu, na wapo madaktari walioipokea kwa hasira. Mwaka 1959 kamati iliyoongozwa na Harry Platt ikaipendekezea serikali ya Uingereza kwamba wazazi waruhusiwe kuwaona watoto wao bila kubanwa na saa chache za kutembelea, na mama wa mtoto mdogo apewe nafasi ya kulala naye hospitalini. Mtoto hulia zaidi mama akiwapo kwa sababu amempata wa kumlilia, basi.

Ama swali lako la pili, usiione huruma kuwa kazi nyingine juu ya kazi uliyonayo. Hebu piga hesabu ya siku ile: wauguzi watatu na majaribio matatu, na bado kila dawa iliyofuata ilimkuta mtoto amekwisha kukuogopa. Mimi humkalisha mtoto wa umri huo mapajani kwa mama, kifua kwa kifua, miguu ikimzunguka mama kiunoni, na mkono ninaoutaka upite chini ya kwapa la mama utokee mgongoni kwake. Hapo amekumbatiwa, na asiyelazwa chali hapigani kama aliyelazwa chali. Dawa ya ganzi ya kupaka, ikiwapo, huchukua takriban saa nzima kufanya kazi, kwa hiyo huipaka mapema kabla ya kuendelea na shughuli nyingine. Ukiipaka dakika tano kabla ya sindano umempaka mafuta tu. Mtoto mchanga anyonyeshwe wakati anachomwa, au adondoshewe matone ya maji ya sukari ulimini dakika mbili kabla. Ukikosa mshipa mara mbili, mwite mwenzako mwenye mkono mwepesi kuliko wako. Hakuna aibu katika hilo. Tena, kama kipo chumba cha matibabu, yafanyike huko, ili kitanda chake kibaki mahali ambapo hapatokei mtu na sindano.

Mchagulishe pia, lakini katika yale tu anayoweza kweli kuyachagua. "Tuanze na mkono upi?" ni swali. "Naomba nikuchome, sawa?" si swali, maana akisema hapana utamchoma vilevile, na kuanzia hapo hataamini tena kwamba maswali yako yana maana.

Angalizo moja kuhusu mtoto aliyenyamaza: kile kipimo cha maumivu cha FLACC hutazama uso, miguu, mwili, kilio na kufarijika, kila kimoja kikipewa alama 0 hadi 2, jumla 10. Ni kizuri kwa watoto wasioweza kujieleza, lakini mtoto aliyekwisha kukata tamaa hupata alama ndogo ilhali anaumia. Mwulize mama yake. Yeye anajua kimya cha usingizi na kimya cha maumivu.

Mama wa Mgonjwa wa Muda Mrefu amejibu:

Mimi si mhudumu wa afya. Binti yangu amelazwa mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, kwa hiyo nitasema ninayoyajua. Uongo uliomuumiza kuliko sindano yoyote ni wa muuguzi mmoja aliyemwambia, "Haitauma hata kidogo." Iliuma. Kuanzia siku hiyo hata mtu aliyeingia na chombo cha chakula alikaguliwa mikono kwanza.

Nitamkumbuka muuguzi mwingine ambaye usiku wa kwanza, kabla ya kugusa chochote, alivuta kiti akaniuliza mtoto wangu huitaje haja ndogo, huitaje maumivu, na nguo gani au mdoli gani humtuliza akitaka kulala. Aliyaandika kwenye karatasi akaibandika juu ya kitanda. Saa kumi za usiku muuguzi wa zamu nyingine akamwuliza binti yangu kwa neno letu la nyumbani kama anataka kwenda chooni, na mtoto akanitazama kwa mshangao kana kwamba siri yetu imefika mjini. Ilikuwa karatasi moja tu, nami nikalala saa mbili mfululizo kwa mara ya kwanza.

Na wewe muuliza swali, mama huyo kukunyima salamu huenda si chuki. Mzazi aliyesimama nyuma ya mlango akasikia mwanawe anamwita, asiingie, hujilaumu yeye mwenyewe kabla ya kuwalaumu ninyi.

Muuguzi wa Dharura amejibu:

Nakubaliana na mengi, ila nisingependa tutoke hapa na sheria nyingine ngumu inayochukua nafasi ya ile ya zamani. Wapo wazazi wasioweza kutazama damu, na wapo wanaoomba wenyewe watoke; hao nao waheshimiwe, waambiwe kwamba kutoka kwao hakuwafanyi wazazi wabaya, na waitwe mara tu shughuli inapokwisha. Kosa lingine nililoliona ni kumgeuza mzazi kuwa msaidizi wa kumkandamiza mtoto. Mzazi akae upande wa kichwa, awe uso na sauti ya mtoto, na kazi ya kuushikilia mkono usitikisike ibaki kwetu.

Mtoto asiyepumua, bila shaka, hasubiri maelezo. Hata hapo, mzazi akitaka kubaki na asizuie kazi, anaweza kubaki, ilimradi mtumishi mmoja apangwe kusimama naye na kumweleza kinachoendelea. Asipopatikana mtu huyo, mimi husita, na siombi radhi kwa kusita.

Muuguzi Mgeni wa Wodi ameongeza:

Nawashukuru dada zangu na ndugu zangu. Nilipeleka hoja kwa mkuu wa wodi, ambaye hakukubali yote, ila amekubali tujaribu kuwakalisha watoto mapajani kwa mwezi mmoja. Mtoto wa kwanza tuliyemjaribia alilia vilevile, na kanula ilihitaji majaribio mawili. Tofauti ni kwamba alinyamaza begani kwa mama yake badala ya kunyamazia ukutani.

Leo asubuhi yule wa miaka mitatu ameruhusiwa kwenda nyumbani. Nilimwomba radhi mama yake, kwa maneno machache, naye akaitikia kwa kichwa tu. Kanula ilipaswa kutolewa, na mkono ulikuwa tayari chini ya shuka. Nililowesha pamba kwa maji ya uvuguvugu, nikamkabidhi, nikamwambia kwamba plasta itavuta vinyweleo na itauma kidogo, na kwamba aibandue yeye mwenyewe kwa mwendo autakao, mimi nitamalizia kile kipande kidogo cha mwisho. Ilichukua karibu dakika kumi, kona moja baada ya nyingine, huku mwenzangu akiniita mara mbili kutoka upande wa pili wa wodi. Nilipochomoa kanula na kukandamiza pamba kavu, alikunja uso, akalia kwa sauti kubwa, akageuka na kumnyooshea mama yake mikono yote miwili.