Wachezaji 19 uwanjani, kwa nini Eagles hawakupewa ushindi wa mezani?

Mgeni_Adelaide: Wakuu habari zenu. Nipo Adelaide, Australia, mwaka wa pili sasa, kazini kuna wazee wawili kila saa ya chai wanabishana kuhusu SANFL, ligi ya jimbo hapa ya futi (mpira wa Kiaustralia, sio soka), msimu wa 2018. Mmoja ni Eagles (Woodville-West Torrens), mwenzie North Adelaide. Wa Eagles anasema waliibiwa, kwenye nusu fainali ya kutafuta wa kwenda fainali North waliingiza watu 19 badala ya 18, wakashinda kwa pointi 5 na matokeo yakaachwa hivyohivyo. Sisi nyumbani timu ikichezesha mtu asiyeruhusiwa wapinzani wanakata rufaa wanapewa ushindi wa mezani, hapa imekuwaje? Anayejua anieleweshe, maana mzee akifika kwenye hiyo mechi sauti inabadilika kabisa.

Jogoo_wa_Prospect: Ni kweli ilitokea mkuu, na mimi ni North damu. Robo ya mwisho ndo inaanza. Ukienda uwanjani utaona, robo ya tatu ikiisha timu nzima inamzunguka kocha palepale kwenye nyasi, wa kucheza na wa benchi wamechanganyika, halafu wanatawanyika, sasa siku ile wakatawanyika 19, mpira ukarushwa, dakika zikaenda hivyohivyo mpaka wakashtuka kumtoa mmoja.

Sheria ya futi wakati ule ilisema kapteni wa wapinzani ndo anatakiwa amwombe refa hesabu. Mchezo unasimama, mnapangwa mstari, mnahesabiwa mmoja mmoja, mkizidi pointi zenu zinafutwa. Eagles hawakuomba. Kamati ikakaa, ikakuta North wana kosa, ikawapiga faini na kuwakata pointi 4 za msimu wa 2019. Huku mechi ukishinda unapata pointi 2, kwa hiyo hapo ni mechi mbili zimeenda kabla msimu haujaanza, sio adhabu ndogo hiyo.

MamaJuma_SA: Ndugu yangu Jogoo nakuheshimu ila hapo hapana. Pointi za 2019 zinamsaidia nini Eagles aliyetolewa 2018? Na hiyo ya kapteni ahesabu naona ni uonevu, uwanja wenyewe una zaidi ya mita 130 kwa urefu, watu 36 wanakimbia huku na kule, wewe unamkaba mtu wako, utahesabu saa ngapi? Mimi nilikuwa naangalia na watoto na hakuna hata mmoja wetu aliyeona. Kuna watu wamepewa kazi ya kusimamia benchi, wao ndo walitakiwa kupuliza kipyenga. Tofauti ni pointi 5 jamani, haifiki hata goli moja, goli ni 6!

Jogoo_wa_Prospect: Dada hilo la usimamizi nakubali. Ila tusiwanyang'anye vijana jasho lao, wiki iliyofuata waliipiga Norwood fainali 124 kwa 105, magoli 19, tofauti pointi 19, namba ileile. Kombe la kwanza tangu 1991, miaka 27, watu walilia siku ile na mimi nililia.

Kipanga_Woodville: Mgeni mwambie mzee wako kuna 2020 pia. Fainali Eagles na North uso kwa uso, tukawafunga, tukabeba, na 2021 tukabeba tena mbele ya Glenelg. Mimi roho yangu ilitulia hapo.

Mgeni_Adelaide: Asanteni sana wote. Leo nimemwambia mzee habari ya 2020, amefurahi kweli, akanihadithia fainali yote. Halafu akarudi kulekule 2018, akachukua vijiko na vikombe akavipanga mezani kunionyesha yule wa 19 alipokuwa amesimama. Yule wa North naye akasogeza kijiko kimoja, akasema hapana, alikuwa hapa.