MREJESHO: Glovu za hospitali ya serikali, Moshi

Wakuu, niliuliza kama duka langu la vifaa tiba hapa Moshi linaweza kuiuzia hospitali ya serikali moja kwa moja, maana mtunza stoo alinipigia akitaka maboksi ya glovu "leo leo, karatasi zitafuata". Asanteni mlionizuia. Nilimwambia alete oda kupitia NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi kwa mtandao. Akakata simu.

Nimefuatilia. Hospitali inaanza na Bohari ya Dawa (MSD), msambazaji wa dawa na vifaa tiba wa serikali. Bohari ikikosa mzigo inatoa taarifa kwamba bidhaa haipo, na hapo ndipo hospitali inakwenda kwa mshitiri, yule aliyeshinda zabuni ya mkoa kwa bei zilizokubaliwa. Kwa hiyo aliyenijibu humu "uwe na mtu ndani tu" alikuwa ananipeleka kubaya.

Usajili wa NeST, mfumo uliochukua nafasi ya ule wa zamani wa TANePS mwaka 2023, nimeshamaliza: TIN, leseni, na kupakia nyaraka kwa mtandao unaokatika kila saa. Sasa naisubiri zabuni ya mshitiri. Mwenye uzoefu wa dhamana ya zabuni kwa mtaji mdogo kama wangu, naomba anielekeze.