Ushauri: tununue nyumba Baltimore jirani na kampasi ya utafiti, au tuendelee kupanga?

Mama_Pendo
Wakuu habari za saa hizi. Naomba ushauri, hasa kwa mlioko Maryland, ila yeyote mwenye uelewa wa mambo ya nyumba karibu. Mimi na mume wangu tumepanga Baltimore mashariki, mie nahudumia wagonjwa hospitalini yeye yuko kwenye malori. Sasa mume kaona nyumba, zile za matofali zilizoungana ukuta kwa ukuta, mitaa michache kaskazini ya hospitali ya Johns Hopkins, pale Eager Park walipobomoa mtaa wakaweka maabara, hoteli, shule na bustani. Imekarabatiwa, wanataka dola 210,000. Dalali anasema pale ndo pa kuwahi, maabara zingine zinakuja, watafiti watataka pa kulala, miaka mitano tunauza mara mbili. Mume ameshawaka kabisa, anaongelea rangi ya mapazia. Mimi moyo unasita, nyumba mbili za pembeni zimepigwa mbao madirishani, halafu kuna mama mmoja kazini mzaliwa wa hapohapo, nilipomwambia mtaa akaniuliza tu "unajua palikuwa kwa nani pale?" akaondoka. Naombeni mwanga, matusi hapana.

Bwana_Bandari
Nunua dada. Ardhi haizai ardhi. Ukisubiri utakuja kununua kwa hao hao watafiti.

Mzee_wa_Highlandtown
Bandari acha haraka. Binti nikupe historia kidogo maana huyo mama kazini hakuuliza bure.

Mtaa ule ulikuwa unaitwa Middle East, ndiyo, hivyohivyo, na wakazi wake karibu wote weusi. 2001 meya wa wakati huo Martin O'Malley akatangaza mpango, likaundwa shirika la kuusimamia, EBDI, na Hopkins wakiwemo na taasisi ya hisani ya Annie E. Casey. Eka 88. Ahadi ilikuwa kampasi ya bioteknolojia na ajira kama 8,000. Familia zaidi ya 700 zikahamishwa, wengine wamiliki kabisa wenye hati zao, mji ukatumia sheria ya kutwaa nyumba kwa manufaa ya umma. Watu hawakukaa kimya, wakaunda kamati yao, SMEAC, wakapiga kelele mpaka fidia ikaongezwa na hata namna ya kubomoa ikabadilishwa, kwa sababu nyumba zile za zamani zina rangi yenye madini ya risasi (lead) na vumbi lake ni sumu kwa watoto.

Jengo la kwanza la maabara, Rangos, likafunguliwa 2008. Angalia mwaka huo. Uchumi wa dunia ukaanguka, benki zikafunga mikono, maabara zilizofuata zikachelewa na nyingine hazikujengwa kabisa. Eneo kubwa likakaa nyasi miaka na miaka wakati wenyewe wameshahamishwa. Ndo baadaye yakaja ghorofa la wanafunzi 2012, shule ya Henderson-Hopkins 2014, bustani 2017 na hoteli. Bustani ni nzuri, sikatai, wajukuu zangu wanacheza pale. Lakini ile kampasi iliyochorwa mwanzo siyo iliyopo leo, na ajira 8,000 za bioteki hazikuonekana.

Na ongeza la Henrietta Lacks. 1951 alitibiwa saratani hapohapo Hopkins, seli zake zikachukuliwa bila ruhusa yake, zikatumika maabara dunia nzima. Kwa hiyo ukisikia wazee wa mtaa wanaongea vibaya kuhusu "kampasi" usidhani ni wivu.

Pipeti
Mimi niko upande wa pili wa hii habari, nafanya maabara Cambridge, Massachusetts, Kendall Square, mtaa uliojaa kampuni za bioteki. Watu wakija huku wanaona magorofa ya vioo wanadhani yaliota mwaka jana. Ile ardhi ilisafishwa miaka ya 60 kwa ajili ya kituo cha NASA, kikafungwa 1970, pakabaki mahame. 1977 mji ukapitisha sheria ya utafiti wa vinasaba, kampuni zikajua zinaruhusiwa nini na zinakatazwa nini, kampuni ya Biogen wakaingia 1982, na bado ilichukua miaka mingi sana mpaka pakawa unavyopaona. Na hapo kuna chuo cha MIT mlangoni. Huyo dalali wa miaka mitano muulize kaitoa wapi hesabu yake.

Tena muda huu si mzuri kwa maabara. Tangu 2023 huku kuna majengo mapya hayana mpangaji, mitaji imepungua, na 2025 hela za utafiti za serikali zikaanza kukatwa. Chuo cha Hopkins wenyewe Machi 2025 walitangaza kupunguza wafanyakazi zaidi ya 2,000 baada ya hela za USAID kukatwa, wengi wakiwa nje ya Marekani. Walioko Dar na Nairobi wanaojua Jhpiego, shirika la afya la Hopkins, wananielewa. Sisemi patakufa, Hopkins haiondoki Baltimore, nasema usilipe leo bei ya maabara ambayo haijachimbwa msingi.

Msee_wa_Towson
Niaje watu. Hapo kwa kazi ongezea hii, hizo job za maabara si lazima uwe na digrii tano. Kuna BioTechnical Institute of Maryland hapa Baltimore, imekuwa ikifunza watu kazi za msingi za lab bila karo. Kama bwanako amechoka na lori aulizie. Hiyo ni faida ya kampasi utapata hata ukiwa umepanga.

Hati_Safi
Mambo ya mapenzi na historia mmemaliza, tuje kwenye karatasi. Nimewasaidia Watanzania na Wakongo kadhaa kufunga mauzo huku, haya ndo yanawauma.

Kodi ya jengo. Baltimore mjini ni dola 2.248 kwa kila 100 ya thamani, ukivuka tu kuingia Baltimore County, wilaya inayouzunguka mji, ni 1.10, halafu kote kuna kidogo cha jimbo. Nyumba ikithaminiwa 210,000 mjini unalipa kama 4,720 kwa mwaka, county ni 2,310. Weka hiyo kwenye hesabu ya mkopo kabla ya mapazia. Mkinunua ombeni unafuu wa kodi wa Homestead mara moja, inazuia thamani ya kutozwa kodi isipande zaidi ya asilimia 4 kwa mwaka hapo mjini, ila ni kwa nyumba unayoishi, ukihama ukapangisha imekwenda.

Pili, na hii wengi hawajui, Baltimore unaweza kununua nyumba ardhi ikabaki ya mtu mwingine, mkataba wa miaka 99 unaojirudia milele, unamlipa kodi ya ardhi kila mwaka (ground rent, siyo ile ya serikali). Kwetu tumezoea mwenye ardhi wa juu awe serikali, huku ni mtu binafsi au kampuni. Ingia kwenye daftari la SDAT, ofisi ya jimbo ya tathmini na kodi, mtandaoni andika anwani.

Tatu, mkija kupangisha, nyumba ya kabla ya 1978 lazima isajiliwe na iwe na cheti cha ukaguzi wa sumu ya risasi. "Imekarabatiwa" ya dalali sio cheti.

Chuma_Ulete
Na mtu asiwadanganye kwamba ukiwa na hati uko salama jirani na hivi vikampasi. Someni kesi ya Kelo, New London, Connecticut. Nyumba za watu zilitwaliwa ili pajengwe kusindikiza kituo cha utafiti cha Pfizer, Mahakama Kuu ya Marekani 2005 ikasema sawa, kura 5 kwa 4. 2009 Pfizer wakatangaza wanaondoka!! Viwanja vikakaa magugu.

Hati_Safi
Chuma ni kweli ila baada ya hiyo kesi majimbo mengi yalibana sheria zao. Na hapahapa Baltimore upande wa magharibi, Poppleton, kuna mama alipigania nyumba yake miaka mingi na 2022 mji ukakubali abaki. Mama Pendo uliza mji kwa maandishi kama hiyo anwani imo kwenye mpango wowote wa kutwaliwa, na zile mbili za mbao ni za nani. Kama ni za mji, uliza zitafanywa nini na lini. Hizo mbili zina uzito kwako kuliko maabara zote.

Mama_Pendo
Asanteni sana, hasa mzee. Nimeingia kwenye daftari mchana huu na kweli ipo kodi ya ardhi, dola 96 kwa mwaka, mkataba wa 1924, dalali hakuitaja hata kidogo. Mume kanyamaza kwanza. Hiyo tunaweza kuimaliza au ndo milele?

Hati_Safi
Inanunulika. Kwa mkataba wa mwaka huo unagawa 96 kwa 0.06, inakuja 1,600, ukijumlisha gharama za makaratasi. Mwambieni muuzaji ailipe yeye kabla ya kufunga, akikataa shusheni bei. Na mtafute mkaguzi wenu, asiwe wa dalali, apande mpaka kwenye paa aangalie kuta zinazogusana na zile zilizopigwa mbao, maji yanaingilia huko.

Bwana_Bandari
Mi bado nasema nunua, ila kwa 185.