Mechi 18 NFL: majeraha yanatoka kwenye nyasi, kwenye helmeti au kwenye kalenda?

Mkaa Usiku (Dar es Salaam):

Wakuu, salaam. Tunaofuatilia NFL, ile ligi ya mpira wa Kimarekani, huku nyumbani tunajuana kwa macho mekundu. Mechi yao ya Jumatatu usiku inatukuta saa tisa na robo za Jumanne, jogoo hajawika. Ile ya Septemba 2023 wengi wetu tulikuwa macho. Aaron Rodgers, miaka 39, amehamia timu ya New York Jets kwa mbwembwe zote, mpira umeanzishwa mara ya nne tu tangu aingie uwanjani, Leonard Floyd wa Buffalo Bills anamwangusha. Anainuka, anaangalia pembeni, anajikalisha chini mwenyewe. Kano ya kisigino imekatika, msimu umeishia hapo. Kulipokucha kila mchambuzi alikuwa analaani kitu kimoja: nyasi bandia za uwanja wa MetLife.

Mimi nasema nyasi zinasingiziwa. Si kwamba hazina kosa, ila zinabeba mzigo wa mwingine. Mwaka 2021 ligi ilitoka mechi 16 kwenda 17 kwa kila timu. Sasa kamishna Roger Goodell hafichi kwamba anaitaka ya 18. Juu ya hapo kuna mechi za Alhamisi: mtu kacheza Jumapili, mwili bado una barafu, siku nne baadaye anaingia tena. Krismasi ya 2024 ndiyo ilinimaliza. Kansas City Chiefs walicheza tarehe 15, 21 na 25 Desemba. Mechi tatu ndani ya siku 11, kwenye mchezo ambao kazi ya watu wenye kilo 140 ni kugongana kila mpira unapoanzishwa.

Halafu ligi hiyohiyo inakuja na helmeti mpya, kofia laini ya kuvalisha juu ya helmeti, na sheria mpya ya mkwaju wa kuanzia, na inataka ipigiwe makofi. Kwangu hizo ni plasta. Hoja ya mjadala: mechi ya 18 ikataliwe, na Alhamisi ifutwe. Karibuni, tusitukanane tu.

Mama Amani (Columbus, Ohio):

Kaka Mkaa Usiku, umeanza na hitimisho. Majeraha "yanaongezeka" kwa kipimo gani? Mitikisiko ya ubongo ambayo ligi iliihesabu mwaka 2017 ilikuwa 281, mazoezi na mechi pamoja. Mwaka 2024 ilikuwa 182, idadi ndogo kuliko miaka yote iliyotangulia tangu waanze kuweka hesabu hiyo 2015. Na hiyo ni ndani ya msimu wa mechi 17 unaoulaani. Hizo plasta zako zimefanya kazi.

La pili, hawa si watoto wa shule. Mkataba wa pamoja wa 2020 kati ya ligi na chama cha wachezaji, ndio uliofungua mlango wa mechi ya 17, wachezaji waliupigia kura wenyewe: 1,019 walikubali, 959 walikataa. Mtu mzima kaamua kuuza jasho lake, wewe ukiwa kwenye kochi Kinondoni unataka kumzuia?

Mkaa Usiku:

Dada, tofauti ya kura 60 haiwezi kuitwa ridhaa ya moyo mweupe. Tazama nani alikuwa anapiga kura. Mwaka huohuo kima cha chini cha mshahara kilipanda kutoka dola 510,000 hadi 610,000. Mchezaji wa kawaida wa NFL anadumu miaka mitatu na kidogo, na mikataba mingi pale haina uhakika, ukiumia vibaya timu inaweza kukuacha. Ukimwekea mtu wa aina hiyo nyongeza ya laki moja ya dola leo na goti la miaka kumi ijayo, atachagua leo. Hata mimi ningechagua leo! Ndiyo maana kuna mambo hayapigiwi kura na mwenye njaa.

Mama Amani:

Mwenye njaa ya dola laki sita. Haya.

Fizio wa Mtaa (Mombasa):

Naona mnachanganya kichwa na miguu, na hayo ni magonjwa mawili yenye dawa mbili. Mtikisiko wa ubongo unatokana na kugongwa. Goti na kisigino mara nyingi mtu hajaguswa kabisa: anakimbia, anageuka, anaanguka kama kapigwa risasi. Dada Mama Amani yuko sahihi kwamba vichwa vimepungua. Lakini hesabu ya vichwa haikwambii lolote kuhusu magoti.

Kuhusu nyasi nisingeharakisha kama mkuu hapo juu. Ukisimama ghafla kwenye nyasi za kweli, njumu zinang'oa kipande cha ardhi na mguu unateleza kidogo. Kule kuteleza ndiko kunakookoa kano. Nyasi bandia haziachii. Njumu zinang'ang'ania, mwili unaendelea kuzunguka, na ile nguvu yote inatafuta pa kutokea, inapata kifundo au goti. Chama cha wachezaji, NFLPA, kilitoa takwimu za 2012 hadi 2018: kwenye nyasi bandia, majeraha ya goti yasiyo ya kugongwa yalikuwa juu kwa asilimia 32, na ya kifundo au unyayo juu kwa asilimia 69. Septemba 2020, MetLife hapohapo, San Francisco 49ers walipoteza Nick Bosa na Solomon Thomas kwenye mechi moja, kila mmoja kano ya goti.

Ligi nayo ilijibu kwamba kwa msimu wa 2021 pengo hilo lilikaribia kutoweka. Na nyasi za kweli si dawa kwa jina tu. Waliotazama Eagles na Packers kule São Paulo, Septemba 2024, waliona wachezaji wanavyoteleza kama wako kwenye sabuni. Nyasi mbovu ni mbovu.

Ila kuna jambo linaniudhi. Viwanja hivyohivyo wanavyosema haviwezi kuotesha nyasi, FIFA ilipotaka nyasi halisi kwa Kombe la Dunia la 2026, wenye viwanja wakakubali kuzileta. MetLife ikiwemo, tena kwa fainali. Kumbe inawezekana akija mgeni mwenye masharti.

Sasa kalenda. Mkuu, tatizo si wingi wa mechi peke yake, ni mzigo kupanda ghafla. Mwaka 2011 wamiliki waliwafungia wachezaji nje kwa miezi kadhaa kwa mgogoro wa mkataba. Waliporudi kambini, kano za kisigino 10 zilikatika ndani ya siku 12 za mwanzo. Hao walikuwa wamepumzika vya kutosha! Mwili unaharibika ukizidishiwa, na unaharibika pia ukirushwa kutoka kwenye kochi hadi kwenye mbio kamili. Kwa hiyo mtu akiniambia "punguza mechi" namuuliza kwanza: na kambi ya maandalizi utaipangaje?

Nambari Tatu (Nakuru):

Nimecheza raga safu ya mbele, kwa hivyo mniruhusu. Shida ya hawa jamaa ni helmeti yenyewe. Ukimvisha mtu chuma kichwani, unamfundisha kwamba kichwa ni silaha. Sisi ukimkaba mtu kwa kichwa unaamka zahanati, kwa hivyo unajifunza mapema kuweka kichwa nyuma ya makalio yake na kazi unafanya kwa bega na mikono. Ukimgonga mtu kichwani, kadi nyekundu inakungoja. Na humgusi asiye na mpira.

Wao wamechelewa sana kwa sheria. Ile kumkaba mtu kwa nyuma kisha unajiachia na kumkalia miguu, wameipiga marufuku Machi 2024 tu, baada ya ligi yenyewe kusema inaumiza mara 20 hadi 25 zaidi ya ukabaji wa kawaida. Mara 20! Hiyo ilihitaji kamati?

Na Mkenya mwenzetu Daniel Adongo alitoka raga akaenda Indianapolis Colts 2013. Nilikuwa najivunia, lakini nilikuwa namhurumia pia.

Mama Amani:

Kaka Nambari Tatu, raga isijitie utakatifu hapa. Steve Thompson alibeba Kombe la Dunia na Uingereza 2003, na amesema hadharani hakumbuki kulishinda. Alikuwa safu ya mbele kama wewe, bila helmeti.

Nambari Tatu:

Hapo umenikalisha. Lakini hoja ya kadi nyekundu ibaki.

Baba Furaha (Dallas, Texas):

Ndugu zangu, ninyi mnaongea ya mamilionea, mimi hapa nyumbani kuna kijana wa miaka 16. Tulitoka Bukavu akiwa mdogo, mpira anaoujua ni huu wa huku. Kocha wa shule amemweka kwenye mstari wa mbele na anamwambia aongeze kilo. Anakula kama mgeni wa arusi. Mama yake anafurahi, mimi sifurahi.

Kinachonitia hofu si ile mitikisiko ya 182. Hiyo inahesabiwa kwa sababu inaonekana, mtu anayumba, daktari anamtoa. Mtu wa mstari wa mbele hayumbi. Anagongwa kichwa kidogokidogo kila mpira unapoanzishwa, mazoezini na kwenye mechi, miaka na miaka, na hakuna siku hata moja atakayoandikwa kwenye orodha. Mike Webster wa Pittsburgh Steelers alikuwa senta, katikati ya mstari huohuo. Alipofariki 2002, ubongo wake ulipimwa na Mwafrika mwenzetu, Dkt. Bennet Omalu wa Nigeria, akakuta ugonjwa wa ubongo unaohusishwa na kugongwa kichwa mara kwa mara, unaoitwa CTE. Alipouandika 2005, madaktari wa ligi walidai aifute makala. Mwafrika kaja juzi, anataka kuwafundisha mchezo wao!

Mwaka 2017 Chuo Kikuu cha Boston walipima bongo za wachezaji 111 wa zamani wa NFL, 110 zilikuwa na CTE. Najua, waliotoa bongo ni familia zilizoona dalili tayari, kwa hiyo haimaanishi karibu wote wanaugua. Lakini baba hahitaji asilimia kamili ili akose usingizi.

Na Tua Tagovailoa wa Miami Dolphins mnamkumbuka? Septemba 2022, Jumapili anagonga kichwa, anainuka, anayumba mbele ya dunia nzima. Anarudishwa uwanjani, wanasema ni mgongo. Alhamisi, siku nne baadaye, Cincinnati, anaangushwa na vidole vinakakamaa hewani. Kwa hiyo Mkaa Usiku kuhusu Alhamisi niko nawe. Dada, hapo mtu mzima aliamua nini? Ubongo ulioumia ndio huohuo unaoulizwa "uko sawa?"

Mama Amani:

Baba Furaha, hapo sikupingi. Aliyeumia kichwa asiulizwe, atolewe na mtu ambaye halipwi na timu. Na baada ya Tua walibadilisha: ukiyumba umetoka, hurudi. Ninachopinga ni kuchukua kosa la siku ile kuwa hoja ya kupanga ratiba ya ligi nzima.

Nina wazo, ambalo hata wamiliki waliwahi kulizungumza 2019. Msimu uwe na mechi 18, lakini kila mchezaji asizidi 16. Kikosi kipanuliwe. Vijana wanaokaa benchi wapate kazi, wakubwa wapumzike, TV ipate mechi zake.

Nambari Tatu:

Kwotabeki je, yule mpiga pasi mkuu wa timu? Nimelipa tiketi kumwona Mahomes wa Chiefs, naambiwa leo ni zamu yake ya kupumzika? Watu watavunja geti.

Mkaa Usiku:

Na mstari wa mbele je? Wale wanaomlinda kwotabeki wakiwa wageni kwa wenzao, ndiyo kwotabeki anauawa. Wazo zuri kwenye karatasi, dada.

Fizio wa Mtaa:

Baba Furaha, nikujibu wewe kwanza, hawa wataendelea. Kamuulize kocha mambo ya kushikika. Kwa wiki wanagongana kwa vifaa kamili mara ngapi mazoezini? Jibu likiwa "kila siku", hapo ndipo pa kupigania, maana mazoezi ni mengi kuliko mechi. NFL yenyewe tangu 2011 imewekewa kikomo cha mazoezi 14 ya vifaa kamili kwa msimu wa kawaida, ukiacha kambi ya maandalizi. Haiwezekani mtoto wa shule agongane kuliko mtu wa NFL.

Pili, kifaa cha kushtua moyo kiko wapi, uwanjani au kimefungiwa ofisini, na nani anajua kukitumia? Damar Hamlin wa Bills moyo ulisimama Januari 2023 mbele ya kamera, na yuko hai, kacheza tena, kwa sababu watu walikuwa pale wenye mafunzo na kifaa, na hawakupoteza muda. Hilo halihitaji bilioni.

Tatu, kilo. Anaongeza misuli taratibu au anajazwa ugali na wanga ili azibe nafasi? Goti la miaka 16 halijui tofauti kati ya misifa ya kocha na mzigo.

Baba Furaha:

Asante sana daktari wetu. Hilo la mazoezi 14 nalichukua jinsi lilivyo. Kocha akisema la shule ni tofauti?

Fizio wa Mtaa:

Akisema ni tofauti, mwambie ndiyo, ubongo wa shule bado unakua.

Mkaa Usiku:

Nirudi kwenye kalenda kabla hamjanitoroka. Fizio amenisogeza kidogo: nakubali namba 18 peke yake si uchawi, shida ni nafasi kati ya mechi na mechi. Basi nabadilisha hoja. Mnajua kwamba 1993 ligi iliwapa kila timu wiki mbili za mapumziko badala ya moja? Mechi 16 ndani ya wiki 18. Ilidumu msimu mmoja, ikafutwa, kwa sababu TV hazikufurahia wiki zenye mechi chache. Dawa ilikuwepo mezani ikaondolewa kwa ajili ya matangazo.

Kwa hiyo mpya yangu ni hii: anayetaka mechi ya 18 aanze kurudisha wiki ya pili ya mapumziko, na timu inayocheza Alhamisi lazima wiki iliyotangulia iwe imepumzika. Bila hayo mawili, hapana.

Mama Amani:

Sasa tunaongea. Hapo naweza kukuunga mkono. Ila ujue msimu utasogea hadi katikati ya Februari au zaidi, fainali itaangukia kwenye wikendi ya sikukuu ya Marais, na wamiliki watafurahi kuliko wewe, maana Jumatatu yake ni likizo na watu watakunywa bila hofu ya kazi.

Mkaa Usiku:

Wafurahi tu. Sisi huku itakuwa Jumatatu alfajiri, tuko kazini saa mbili.